Disemba, Agosti au Juni: kisa cha familia moja iliyotafuta msimu wa kwenda Komoro

Usuli

Familia hii ni ya pwani ya Tanzania: bibi wa miaka sabini na ushee ambaye baba yake alikuwa Mngazija, mwanawe wa kiume, mkamwana, na wajukuu wawili wa shule ya msingi. Majina nimeyaondoa, pamoja na mji wanakoishi na kijiji walichofikia, na mambo madogo ya nyumbani nimeyabadilisha ili wasitambulike. Mimi nilihusika kama mpangaji wa safari. Walinijia wakiwa wamekwisha kubaliana waende Komoro. Walichokuwa wakibishania ni waende lini.

Kila mmoja alikuwa na lake. Bi mkubwa alitaka kukaa na ndugu wa upande wa baba yake huko Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, na kuzuru makaburi ya wazee, basi. Watoto walikuwa wameahidiwa kuona kasa wakitaga mayai katika kisiwa cha Mwali. Baba mtu alikuwa anahesabu nauli za watu watano. Mama mtu anafanya kazi ya zamu, na likizo yake lazima iombwe miezi kadhaa kabla.

Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege wa Hahaya, Ngazija, ni saa moja na dakika kadhaa tu angani. Ukaribu huo, pamoja na undugu wa watu wa pande zote mbili, ndio uliowafanya waamini kwamba hata majira ya huko ni yale yale wanayoyajua. Mjadala wote ulianzia hapo.

Pendekezo la kwanza: mwisho wa Disemba

Baba mtu alipendekeza waondoke baada ya Krismasi na warudi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyezaliwa pwani: vuli imekwisha, masika bado, kaskazi inavuma, bahari ni nyepesi, jua kila siku. Kwa Dar, Tanga au Unguja maneno hayo ni kweli kabisa.

Kwa Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazija, si kweli, na sababu inafaa kuelezwa vizuri kwa kuwa inawakosesha watu wengi wa kwetu. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Katika miezi ya Oktoba hadi Disemba hupita juu ya pwani yetu ukielekea kusini, tukapata vuli. Machi hadi Mei hurudi kaskazini, tukapata masika. Kiangazi chetu cha Januari na Februari ni ule wakati ambao ukanda wenyewe uko kusini yetu, na Komoro, iliyo kati ya nyuzi 11 na 13 kusini ya ikweta, iko huko huko unakotua. Kwa hiyo mvua zetu mbili kwao ni moja ndefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kilele chake ni Januari. Mwezi huo peke yake Moroni hupata kwa kawaida zaidi ya milimita 300. Mtu wa Mtwara asingekosea hapa, maana na yeye anaishi na msimu mmoja wa mvua, Disemba hadi Aprili. Ni sisi wa kuanzia Dar kwenda juu tunaobeba kalenda ya nyumbani na kudhani inafaa kila palipo na minazi.

Mvua peke yake isingewazuia. Kilichoiua Disemba ni mambo mawili aliyoyataja mama mtu, ambaye alikuwa amefuatilia habari kuliko sisi sote. Kwanza, vimbunga. Komoro inakingwa kwa kiasi na Madagaska, lakini kinga hiyo si kamili: Kimbunga Kenneth kilipita karibu na ncha ya kaskazini ya Ngazija tarehe 24 Aprili 2019 kabla ya kuipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na Kimbunga Chido kiliiangamiza Mayotte, kisiwa cha nne cha funguvisiwa hilo kilicho chini ya Ufaransa, tarehe 14 Disemba 2024. Pili, ndege za ndani. Februari 2022 ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Moroni kwenda Mwali ilianguka baharini karibu na kufika, ikiwa na watu 14. "Siwapandishi wanangu ndege ndogo katika wingu la Januari," alisema, na hapakuwa na aliyembishia.

Pendekezo la pili: Agosti

Ndugu wa Moroni walipopigiwa simu walijibu kwa sauti moja: njooni Agosti. Kila mtu atakuwepo, kijiji kitakuwa na harusi, bi mkubwa atawaona hata wale wa Marseille.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Julai na Agosti ndipo Wangazija wanaoishi Ufaransa wanaporudi nyumbani kwa wingi, na ndipo harusi kubwa, ile wanayoiita Anda, zinapofanyika. Anda si sherehe ya siku moja. Mwanamume huiwekea akiba kwa miaka, na kwayo hupata nafasi yake kati ya wazee wa mji, mahali pake msikitini na katika baraza. Kuna maulidi, kuna twarabu, kuna ngoma na karamu, na kijiji kizima huwa ni nyumba moja. Kwa bibi aliyetaka kuona ukoo wake, hakuna mwezi wenye ukoo mwingi zaidi.

Hali ya hewa nayo inakubali: mvua imepungua sana, ni kipupwe, usiku una ubaridi mzuri. Lakini ndege zinazoingia Moroni hujaa mapema na nauli hupanda, na vyumba vya kupanga ni vichache kisiwa kizima. Baba mtu alipouliza bei alinyamaza kimya. Kisha likaja swali la malazi: nyumba ya ndugu walikokuwa wafikie ilikwisha ahidiwa wageni wa Ufaransa tangu mwaka uliotangulia. Bi mkubwa mwenyewe ndiye aliyeifunga mada. Alisema hataki kulala kwa jirani katika kijiji cha baba yake.

Uamuzi na sababu zake

Kwa kalenda tupu, wakati ambao mimi ningeuchagua ni katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Mvua ya Moroni huwa chini kuliko miezi mingine, kusi, ule upepo mkali wa kusini, imechoka na demani, majira ya bahari tulivu, imeingia, nyangumi waliokuja kuzaa tangu Julai bado wako na ndama wao, na wageni wa harusi wamekwisha rudi Ulaya. Nililisema hilo wazi.

Lilikataliwa kwa sababu mbili. Mjukuu mkubwa alikuwa darasa la nne, na upimaji wa kitaifa wa darasa hilo ni Oktoba. Sababu ya pili aliitoa mke wa binamu wa Moroni, nayo haimo katika vitabu vya wasafiri. Ngazija haina mto hata mmoja wa kudumu, kwa kuwa mawe yake ya volkano hunywa maji yote, na vijiji vingi huishi kwa maji ya mvua yanayowekwa kwenye birika za saruji. Kufikia Oktoba birika huwa zinakaribia sakafu. "Karibuni wakati wowote, shemeji," alisema, "ila mkija Oktoba tutanunua maji ya gari." Watu watano wa kuoga kwa maji ya kununua ni mzigo kwa mwenyeji, na familia ilikuwa na haya ya kuuleta mzigo huo.

Basi wakachagua Juni 2025. Shule za Tanzania zinafunga, mvua zimepungua japo hazijakatika, birika zimejaa, nauli haijapanda, nyumba ya ndugu iko wazi. Zaidi ya hayo Idi Kubwa iliangukia mwanzoni mwa mwezi huo, karibu kabisa na kufungwa kwa shule, na bi mkubwa aliona hilo ni jambo lililopangwa na Mwenyezi Mungu.

Gharama ya Juni tuliijua. Nyangumi wangewakosa. Na kusi ingekuwa katika nguvu zake.

Hapo ndipo tulipotofautiana kidogo. Mimi nilipendekeza waende Mwali mwanzo, kwa ndege, kisha warudi Ngazija na kumaliza siku zote zilizobaki kijijini, ili bahari ikichafuka wawe wamekwisha rudi kwenye kisiwa chenye ndege ya kwao. Familia ilitaka Idi iwakute kwa ndugu, jambo ambalo nililielewa, kwa hiyo Mwali ikasogezwa mwisho. Na ili kupunguza gharama, badala ya ndege wakaweka boti kwenda na kurudi, na siku za akiba kabla ya ndege ya nyumbani zikafutwa zote.

Safari ilivyokwenda

Sehemu ya Ngazija ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Mvua ilinyesha jioni mbili tatu, ikakatika. Kijiji kiko mlimani, kwenye mteremko wa Karthala, mlima wa volkano, na usiku bi mkubwa alijifunika shali mbili, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea joto la mwambao lilikuwa nafuu. Mchana watoto walipewa kazi ya kuteka maji: kufungua kifuniko cha birika, kushusha ndoo kwa kamba, kuivuta bila kuigonga ukutani. Maji yalikuwa karibu na mdomo. Idi waliisali huko, wakala mataba, yaani kisamvu, na wali, na bi mkubwa alipelekwa makaburini na mzee mmoja aliyeweza kumtajia nasaba yake hadi mababu ambao yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuwasikia. Aliporudi alikaa barazani muda mrefu, akiyarudia majina ili asiyasahau.

Kisha wakateremka Chindini, bandari ndogo ya kusini ambako boti za faiba huvuka kwenda Hoani, Mwali. Ni kilomita kama 40, na bahari ikiwa shwari huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Walifika alfajiri. Mawimbi yalikuwa yakivunjikia kwenye mawe, na boti mbili zilikuwa zimepandishwa juu. Nahodha aliyekuwa tayari kuondoka aliwatazama wote watano, akamgeukia bi mkubwa.

"Shikamoo, bi mkubwa. Leo sikuchukui. Vijana wenye mifuko nitawachukua, wewe na hawa watoto siwachukui."

Baba mtu alijaribu kusema kwamba wameshalipa nusu. Nahodha alimrudishia pesa palepale. Asubuhi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi ya tatu waliacha kwenda bandarini, wakatafuta nafasi kwenye ndege ndogo ya Fomboni, mji mkuu wa Mwali. Zilipatikana tatu. Mama akaenda na watoto, baba akabaki na mama yake.

Huko Mwali watoto walipata walichokifuata. Katika pwani ya Itsamia, mashariki ya kisiwa, kasa wa kijani hupanda kutaga karibu mwaka mzima, na wanakijiji wenyewe ndio wanaolinda pwani na kuongoza wageni. Waliambiwa wasiwashe tochi wala simu, wakae chini mpaka maji yajae. Mama mtu anasema kwanza walisikia pumzi kabla ya kuona kitu: pumzi nzito, kisha kimya, kisha mchanga ukirushwa. Kasa alipoanza kutaga, kiongozi aliwaruhusu wasogee kwa nyuma, akamulika kwa taa nyekundu iliyofunikwa kwa kiganja. Mayai yalikuwa yakidondoka mawili mawili, meupe, yenye ute. Mtoto mdogo alihesabu mpaka usingizi ukamchukua.

Kurudi kulikuwa na shida yake. Ndege ya siku iliyopangwa haikuondoka, na ile ya kesho yake ilichelewa. Mama na watoto walifika Hahaya ndege ya Dar ikiwa imekwisha ondoka na baba na bibi wakiwa wamebaki kuwasubiri. Watu wote watano walilipia kubadilisha tiketi na kungoja safari iliyofuata.

Matokeo

Bi mkubwa alipata alichokitaka chote. Watoto walipata kasa. Baba hakuiona Mwali, na fedha alizookoa kwa kukwepa Agosti ziliondoka kwa sehemu kubwa kwenye tiketi za kubadilisha na ndege za Mwali zisizokuwa kwenye bajeti. Mama mtu alitumia siku za likizo ambazo hakuwa nazo, akalazimika kuzifidia kwa zamu za usiku.

Uchambuzi

Mwezi ulichaguliwa vizuri. Nalisema hilo mwanzo kwa kuwa baada ya safari baba mtu alikuwa akisema Juni ilikuwa kosa, nami sikubaliani naye. Ukizingatia shule, maji ya kijiji, kitanda cha bibi na mfuko wa familia, hakuna mwezi mwingine uliokuwa unawafaa. Kilichoharibika ni mpangilio wa ndani ya mwezi.

Tatizo kubwa ni namna watu wanavyoelezwa majira ya Komoro. Karibu kila maelezo ya watalii husema Mei hadi Oktoba ni msimu wa ukame, basi, kana kwamba miezi hiyo sita ni kitu kimoja. Juni na Oktoba ni tofauti kabisa kwa mtu mwenye kuvuka maji. Juni, Julai na Agosti ndio moyo wa kusi. Oktoba ni tanga mbili, pepo hazijaamua, na bahari mara nyingi hulala. Mwenye kukaa nchi kavu ataona miezi hiyo inafanana. Mwenye kwenda Mwali kwa boti hataona hivyo.

Na kuna jambo la uelekeo ambalo wavuvi wa Chindini hawahitaji kuambiwa. Mwali iko kusini-mashariki ya Ngazija. Kusi hutokea kusini na kusini-mashariki. Maana yake boti inayokwenda Mwali wakati wa kusi inaelekea moja kwa moja kwenye upepo na mawimbi, ikiruka na kuanguka njia nzima, ilhali inayorudi Ngazija inasukumwa kwa nyuma. Kwa hiyo hata aliyeamua kutumia boti Juni angepaswa kwenda kwa ndege na kurudi kwa boti siku iliyo nzuri. Hawa walipanga boti pande zote mbili, na ile ya kwenda ndiyo iliyowafungia njia.

Nahodha anastahili sifa kubwa kuliko mtu yeyote katika kisa hiki. Alikataa nauli ya watu watano katika msimu ambao abiria ni wachache, akarudisha pesa bila kubishana. Wapo wasiofanya hivyo. Familia iliyokasirika bandarini siku ile inamwombea dua sasa, na msafiri yeyote anayeambiwa na mwenye boti kwamba bahari haifai asitafute boti nyingine.

Ushauri wa ndugu ulikuwa wa kweli na bado haukutosha. Waliosema Agosti walikuwa wakizungumzia furaha yao ya kukutana, na aliyetaja birika alikuwa ndiye anayeteka maji. Katika simu zote zilizopigwa, hakuna aliyempigia mtu wa baharini. Ningependa kila anayepanga kuvuka kati ya visiwa aulize angalau mvuvi mmoja au mwenye boti wa upande ule ule, kabla ya kulipa chochote.

Kulikuwa na nafasi nyingine iliyopotea. Wakati Chindini kunachafuka, pwani ya magharibi na ya kaskazini ya Ngazija huwa kivulini mwa Karthala na miinuko ya kisiwa, kusi haiifikii kwa nguvu. Zile asubuhi mbili za kungoja bandarini zingetosha kuwapeleka watoto kuogelea Mitsamiouli, kwenye mchanga mweupe na maji tulivu, badala ya kukaa juu ya mabegi kwenye mawe. Mpango wa Juni unapaswa kuwa na siku za namna hiyo zilizoandikwa tangu mwanzo, kwa ajili ya siku bahari itakapokataa.

Siku za akiba ndizo zilizokuwa bima ya bei nafuu kuliko zote, na ndizo zilizokatwa kwanza. Ndege za visiwani huahirishwa, kwa upepo, kwa abiria wachache, kwa ubovu. Kati ya kurudi kutoka Mwali na kupanda ndege ya nje pawepo siku mbili kamili. Gharama ya kulala siku mbili kwa ndugu ni ndogo mno ukilinganisha na kubadilisha tiketi tano.

Kwa wanaotaka kuiga mpango huu, kalenda ya mwezi mwandamo inasogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo hesabu ya 2025 haitajirudia. Idi Kubwa ya 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, na ya 2027 katikati ya Mei, shule zikiwa bado wazi. Mwenye kutaka Idi kwa ndugu itabidi awaache watoto, na mwenye kutaka kasa pamoja na watoto atasubiri Juni bila Idi. Ramadhani, ambayo hufunga migahawa mchana na kupunguza mwendo wa kila kitu, iko Februari na Machi kwa sasa na inaelekea Januari, yaani itabaki ndani ya mvua kwa miaka kadhaa bila kugusa miezi mikavu. Maulidi ndiyo ya kuangaliwa. Mwaka 2025 yalikuwa mwanzoni mwa Septemba, na kuanzia 2026 yanaingia Agosti, ndani ya msimu wa Anda. Anayeitaka Agosti ya miaka hiyo akate tiketi mapema sana, na aulize kitanda kabla ya tiketi.